Mizunguko Thelathini

Jumatano asubuhi binti wa kinyozi aliingia kwenye duka la fundi redio amekumbatia gramafoni ya baba yake, akaishusha juu ya meza, katikati ya bisibisi na redio zilizopasuliwa matumbo, akavuta pumzi.

“Shikamoo, Baba mdogo. Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu,” walijibu wote wawili. Maana Mwalimu naye alikuwepo, na lini hakuwepo? Tangu astaafu, benchi la fundi ndilo lilikuwa ofisi yake. Alikuja na gazeti asubuhi, akaondoka nalo mchana, na katikati hapo alikuwa anasahihisha dunia nzima.

“Nimekuletea hii. Haizunguki tena. Labda utapata vipuri.” Halafu akachomoa jalada la sahani ya muziki kwapani na kuliweka juu ya gramafoni. “Na hii pia. Nyumbani haina kazi.”

Fundi alilitazama lile jalada asiliguse. Lilikuwa la zambarau, lina jicho kubwa linalochanua petali, na ndani ya mboni wamesimama wanaume wanne wenye nywele za mabegani, wanaangalia pembeni kama watu waliopotea njia na wanaona haya kuuliza. Kona zake zilishikiliwa kwa plasta, ile ile ambayo kinyozi aliwabandika wateja aliowachubua.

“Baba yako anajua umeileta?”

“Baba mdogo, Baba hajui kitu tena.”

Akakaa kwenye ukingo wa benchi akaeleza. Mengine walikuwa wanayajua: kiharusi kilimpiga kinyozi miezi mitano iliyopita, mkono wa kulia ukalala, ulimi ukakwama, na tangu siku hiyo hakutamka hata neno moja. Jipya lilikuwa hili, kwamba daktari alimshauri binti ampigie baba yake nyimbo alizozipenda, kwani kuna watu ulimi wao huamshwa na nyimbo. Gramafoni ilikuwa imegoma. Basi binti akaitafuta albamu kwenye simu, akaipata yote, na jalada lake lile lile la jicho.

“Siku ya kwanza aligeukia ukutani. Siku ya pili alilia. Siku ya tatu akaipiga simu kwa mkono ulio mzima, ikaruka mpaka mlangoni. Kitu alichokipenda kuliko sisi watoto wake, Baba mdogo! Hakitambui.” Alipangusa uso kwa kiganja. “Tumeongea na kaka. Jumapili analeta gari. Atamchukua akakae kwake, duka tutauza.”

“Kwa kaka yako? Si safari ya siku nzima?”

“Siku nzima na ushee. Lakini kama mtu hatambui kitu, akae hapa, akae kule, kwake si mamoja?”

Fundi alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, neno dogo tu ambalo lingemsimamisha yule binti pale pale. Akamwona Mwalimu anamtazama juu ya miwani, gazeti limeshushwa. Akaufunga mdomo. Ndiyo, aliufunga, na mimi simtetei. Binti akaaga, akaenda zake, na fundi akabaki na gramafoni ya rafiki yake mbele yake.

Sasa, ili ujue kwa nini mtu mzima wa miaka sitini na mitano anaweza kumeza ukweli namna hiyo, turudi nyuma miaka arobaini na moja.

Kulikuwa na familia ya wageni iliyokuwa inahama, wakauza vyombo vyao uani. Kinyozi, wakati huo kijana ana duka la kiti kimoja, alikwenda kununua kioo. Akarudi na gramafoni isiyozunguka na sahani moja, hiyo hiyo ya zambarau. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Alikwenda kununua kioo akarudi na maiti! Akampelekea fundi, naye fundi alikuwa na miaka ishirini na minne, ana meza moja barazani na wateja wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Fundi akaifungua. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa puli haikuwepo. Puli ni kipande cha shaba chenye ukubwa wa pipi, kinakaa kwenye mhimili wa mota na kuzungusha gurudumu la mpira, na gurudumu la mpira ndilo linalozungusha sahani. Unene wa hiyo puli ndio mwendo wa muziki. Ikiwa nene kidogo, sahani inakimbia. Ikiwa nyembamba, inajikokota. Fundi mzoefu angepima, angepiga hesabu. Huyu wetu, ujana na ujuaji vimemjaa kichwani, alipima kwa jicho, akaenda kwa mkereza vyuma akamwambia, “Nitolee cha unene huu hapa,” akamwonyesha kwa vidole.

Jumamosi ile saa tisa alasiri, wakiwa watatu, kinyozi, fundi na Mwalimu aliyekuwa amekuja kunyolewa tu, fundi akaweka sindano juu ya sahani. Ikazunguka. Kwanza kengele, moja, mbali, halafu nyingine. Halafu kinanda kizito. Halafu gita lililorekodiwa kinyumenyume, linaanzia mwisho na kuishia mwanzo, na sauti ya mtu inayoimba bila haraka, nzito, kila neno linakaa kwanza kabla ya kuondoka. Hawakuwahi kusikia kitu cha namna hiyo. Mwalimu alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, na alikaa hivyo hivyo, nusu msitu nusu uwanja, mpaka upande wa kwanza ukaisha.

“Hawa watu wanaishi wapi?” kinyozi aliuliza.

“Hawana pa kuishi,” Mwalimu alisema. “Ndiyo maana hawana haraka.”

Hapo ndipo ilipoanzia. Kila Jumamosi, kichwa cha mwisho saa nane na nusu, kisha aproni inatundikwa nje kwenye kitasa, na hiyo maana yake duka limefungwa hata kama mlango uko wazi. Upande wa kwanza hakuna kuongea. Bwana harusi mmoja alifika saa tisa na dakika tano siku ya harusi yake, amehangaika, jasho linamtoka, na alisubiri kengele mpaka mwisho; akanyolewa wakati wa kugeuza sahani. Hakuna aliyejua majina halisi ya nyimbo kwa sababu kwa nyuma jalada lilikuwa limeliwa na mende, na maandishi ya katikati ya sahani yalikuwa yamefutika. Wakazipa majina yao. Wa Kengele. Wa Saa. Wa Farasi. Na upande wa pili mzima ulikuwa wimbo mmoja tu, Wa Mzee, kwa sababu karibu na mwisho kuna mzee anacheka, anacheka, mpaka kicheko chenyewe kinageuka gita. Mwalimu peke yake ndiye aliyejua Kiingereza cha kutosha, na yeye alisema maneno ya nyimbo hizo hayana maana yoyote na kwamba hapo ndipo maana ilipo. Walimwacha. Ukibishana na Mwalimu chakula kinapoa.

Duka lile liliwaona wakiwa vijana, likawaona na vitambi, likawaona na mvi. Fundi alikuja pale siku mwanawe wa kwanza alipozaliwa, hajui acheke au alie, kinyozi akaweka Wa Farasi. Mke wa kinyozi alipofariki, Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi walikaa watatu, wakasikiliza pande zote mbili, wakaagana bila kusema kitu. Wengine wana misahafu ya kuwashika mkono siku kama hizo. Wao walikuwa nayo, na walikuwa na hiyo sahani pia.

Na kinyozi jinsi alivyokuwa anajisifia! Kila mteja aliyekaa kwenye kiti alihubiriwa. “Unaiona mashine hiyo? Ilikuwa maiti. Huyu kijana kaifufua.” Akampa fundi jina la Mfufuaji, jina likashika, wateja wakamiminika, baraza ikawa duka na duka likapata kibao: MFUFUAJI, REDIO, TELEVISHENI NA PASI. Fundi alioa kwa jina hilo na kusomesha watoto kwa jina hilo.

Mwaka wa tano, asubuhi moja, fundi alikuwa anajaribu redio ya mteja. Ghafla Wa Saa ukatoka. Fundi alicheka kwa furaha, halafu kicheko kikamkauka. Wimbo ulikuwa unakimbia. Yule mwimbaji, mzee wao mwenye sauti nzito, alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya juu, na ngoma zilikuwa zinaruka. Fundi alijua kabla hajataka kujua. Siku hiyo hiyo alitafuta kisingizio cha kuisafisha gramafoni, akabandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, akatoa saa, akahesabu. Sahani ya namna ile inatakiwa kuzunguka mara thelathini na tatu na kitu kwa dakika. Yao ilizunguka mara thelathini kamili.

Siku ile ingekuwa rahisi kusema. Lakini Jumamosi Mwalimu alikuja anatokwa na povu. Naye alikuwa ameusikia ule wimbo redioni. “Mnajua wanachofanya? Wanaikimbiza! Wanaikimbiza ili matangazo ya sabuni yapate nafasi!” Kinyozi akatikisa kichwa taratibu, akasema, “Dunia ya sasa, Mwalimu.” Wote wawili wakamgeukia fundi, mtaalamu. Fundi akasema, “Inawezekana.”

Inawezekana! Neno moja hilo lilimfunga miaka thelathini na sita. Mwalimu akalijengea ghorofa. Aliwafundisha watoto wa madarasa mangapi sijui kwamba kuna watu wa mbali waliogundua wenyewe kuwa haraka haraka haina baraka, wakaiweka kwenye muziki. Vijana walipokuja na simu zao, “Mzee, hii hapa albamu yenu,” Mwalimu aliwafukuza. “Hiyo imekimbizwa!” Fundi akainamia viatu vyake. Bahati yake ilikuwa moja: kinyozi hakuruhusu sahani nyingine yoyote iguse gramafoni ile. Watu waliomba, walileta za kwao, akakataa kata kata. “Mashine hii ina mke mmoja,” alikuwa akisema. Ingepigwa sahani nyingine hapo, ya mwimbaji anayejulikana na kila mtu, fundi angeumbuka mchana kweupe.

Basi Jumatano ile, binti alipoondoka, fundi aliifungua gramafoni. Ugonjwa wake haukuwa mkubwa. Mota ilikuwa imeganda kwa grisi ya zamani, na gurudumu la mpira limekauka. Alisafisha kwa spiriti, akasugua mpira kwa msasa, akadondosha mafuta ya cherehani. Puli yake ya shaba ilikuwa pale pale, inang’aa, inamwangalia. Mwalimu naye alikuwa pale pale.

“Masikini kinyozi,” Mwalimu alisema. “Akili imekwenda kweli. Lakini mimi sishangai kuhusu simu. Ingekuwa mimi ningeitupa mbali zaidi.”

Fundi akainamia mota.

Nyumbani jioni alikaa mbele ya chakula akawa anakichokora tu. Mkewe alimwangalia, akamwangalia, mwisho akasukuma sahani yake pembeni.

“Sema. Maana hicho chakula hakijakukosea.”

Akasema. Yote, tangu mkereza vyuma. Mkewe hakucheka wala hakushangaa. Alifikiri kidogo.

“Kwa hiyo kinyozi alipiga simu teke kwa sababu walimwekea kitu ambacho si chake.”

“Mkono, siyo teke. Ndiyo.”

“Na wewe ulijua, mbele ya yule mtoto, ukanyamaza.”

“Mwalimu alikuwepo.”

“Eti Mwalimu!” Mkewe alisimama. “Rafiki yako apakiwe kwenye gari kama kabati, apelekwe akafie asikojua mtu, kwa sababu wewe unamwogopa Mwalimu? Mficha uchi hazai, baba watoto. Na wewe umri wa kuficha umekupita.”

Jumamosi, saa nane mchana, fundi alipitia kwa Mwalimu wakabeba gramafoni wawili, fundi ameishika huku, Mwalimu ameishika kule, jalada limebanwa kwapani. Mwalimu aliamini wanakwenda kumuaga rafiki yao. Duka la kinyozi lilikuwa limefungwa mapazia. Kinyozi alilala chumba cha nyuma. Binti alifungua mlango, akaiona gramafoni, akajipanga katikati ya mlango mikono kiunoni.

“Hapana, Baba mdogo.”

“Upande mmoja tu, mwanangu.”

“Hapana. Nimemtesa siku tatu na hiyo albamu. Kesho anasafiri. Mwacheni apumzike. Mkitaka kumwona, ingieni mumwone, lakini hicho kibaki nje.”

“Hii siyo ile uliyompigia.”

“Ni ile ile! Nimelinganisha jalada, nimelinganisha nyimbo. Nyie ndio mtajidanganya, mimi nimeona kwa macho yangu. Baba haitambui.”

Mwalimu alianza kugeuka, anaivuta gramafoni. Fundi hakugeuka. Aliweka upande wake wa gramafoni chini, kwenye kizingiti, na Mwalimu ikabidi aweke upande wake.

“Haitambui kwa sababu hajawahi kuisikia,” fundi alisema. “Hata mara moja. Wala Mwalimu hajawahi. Hii gramafoni inazunguka polepole. Niliikosea mimi, siku ya kwanza kabisa. Puli nilipima kwa jicho, ikatoka nyembamba. Baba yako ameisikiliza albamu miaka arobaini na moja kwa mwendo ambao haupo popote duniani isipokuwa kwenye mashine hii. Wewe ulimwekea watu wengine wenye sauti nyingine. Ungejuaje? Mimi ndiye niliyejua, na Jumatano nilikaa kimya. Nilikuwa naona aibu.”

Mwalimu ndiye aliyepata sauti kwanza, na aliipata yote.

“Polepole? Inazunguka polepole?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Na redio?”

“Redio ilikuwa sawa.”

“Matangazo ya sabuni?”

“Hayakuhusika.”

“Ebo! Wewe mtu! Nimefundisha watoto! Nimefundisha watoto na wale watoto sasa wana watoto! Mkaguzi wa shule alikaa darasani kwangu nikamweleza falsafa ya wanamuziki wasio na haraka, akaandika! Akaandika kwenye daftari lake! Na wewe ukasema nini? ‘Inawezekana’! Miaka yote hiyo, unakula sukari yangu, unakaa benchi moja na mimi…”

“Benchi ni langu,” fundi alisema kwa sauti ndogo.

“Usinibadilishie mada!”

Binti aliinama, akashika upande mmoja wa gramafoni. “Baba mdogo,” alisema, “shika huku.”

Wakaingia. Kinyozi alikuwa amelazwa chali, mashavu yamezama, ndevu zimeota ovyo, zimeota kweli, na hilo lilimuumiza fundi kuliko yote. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu hakuwahi kuonekana na ndevu za siku mbili. Macho yalikuwa dirishani. Alipoiona gramafoni alifumba macho akageuza uso ukutani, kama mtu anayejiandaa kuchomwa sindano.

Fundi aliiweka juu ya stuli, akachomeka waya, akatoa sahani, akaipuliza. Sindano ikakwaruza kidogo kabla ya kukaa.

Kengele. Mbali, moja. Halafu nyingine.

Kinanda kilipoingia, kinyozi alifumbua macho. Mwimbaji alipoanza, taratibu, mzito, kinyozi akaigeuza shingo yake polepole kutoka ukutani mpaka akawaona wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na machozi yalikuwa yanamtoka lakini hayakuwa ya juzi. Mkono wa kushoto ulitoka kwenye shuka. Vidole viwili vikaanza kufunguka na kufumba, kufunguka na kufumba, kwa mapigo ya ngoma. Alikuwa anakata nywele hewani.

“Baba,” binti alisema. Akapiga magoti kando ya kitanda. “Baba, upo?”

Hawakuongea tena mpaka upande wa kwanza ukaisha, kwa sababu hata Mwalimu, pamoja na hasira zake, alijua sheria. Sindano ilipofika katikati, fundi aliuchukua mkono wa rafiki yake.

“Kaka, nisikilize. Nimewaambia hawa, na wewe nakwambia. Mashine hii inakwenda polepole. Nilikosea mimi. Wewe umenisifia kwa watu umri wako wote, na nilikuwa nimekosea. Nisamehe.”

Kinyozi alimtazama. Upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki hai, ukapanda. Halafu akautoa mkono wake akaonyesha mlangoni, dukani, kwenye droo iliyo chini ya kioo.

Binti akakimbia. Alirudi na wembe: kinyozi akatikisa kichwa. Akarudi na kitana, na kopo la poda, na picha ya mama yake. Kichwa kikatikiswa, kikatikiswa. Mwisho akaing’oa droo nzima, na nyuma yake, ndani kabisa, akakuta kiboksi cha karatasi chenye stempu za nje, kimepauka, kimefungwa kwa uzi. Kinyozi akafumba macho na kuyafumbua. Hicho.

Ndani yake kulikuwa na puli ya shaba, mpya, ingali kwenye karatasi yake ya kiwandani, na barua. Mwalimu akavaa miwani vizuri akaisoma, kwanza kimya, halafu akaketi.

“Ni ya kiwanda kilichotengeneza gramafoni. Ina miaka thelathini na minne. ‘Bwana mpendwa, tumepokea barua yako. Kama unavyosema umehesabu mizunguko thelathini kwa dakika, basi puli yako siyo sahihi. Tunakutumia iliyo sahihi. Fundi yeyote anaweza kuibadilisha kwa dakika kumi.’”

Fundi aliipokea ile puli akaiweka kiganjani. Alikuwa amehesabu! Kinyozi naye alikuwa amebandika karatasi, ametoa saa, amehesabu peke yake dukani, akaandika barua, akasubiri jibu miezi, akapata dawa ya ugonjwa mkononi. Kisha akaifunga kwa uzi na kuisukuma nyuma ya droo. Kuibadilisha kungekuwa kumwambia Mfufuaji kwamba hakufufua. Na ile habari ya mke mmoja, kumbe haikuwa ukaidi. Alikuwa anamlinda. Jumamosi baada ya Jumamosi walikaa watu wawili kwenye chumba kimoja, kila mmoja anamfichia mwenzake kitu kimoja.

Fundi alilia. Alilia waziwazi, kamasi na yote, hakujificha.

“Subirini kwanza,” Mwalimu alisema, barua ingali mkononi. “Yeye alijua. Wewe ulijua. Kwa hiyo mjinga hapa nilikuwa mimi peke yangu?”

Sauti ikatoka kitandani, ya ajabu, ya kukwaruza, na iliwachukua muda kutambua kwamba kinyozi anacheka. Binti naye akaanza, kisha fundi katikati ya machozi, na Mwalimu akawatazama wote kwa uchungu mkubwa, akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani.

Walipotulia, fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akatoa bisibisi mfukoni.

“Basi,” alisema. “Barua inasema dakika kumi. Mimi nitafanya kwa tano. Angalau mara moja uisikie ilivyo, kaka, nikiitengeneza kwa mkono wangu.”

Akainamia gramafoni, akainua sahani, akaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

“Acha.”

Hakuna aliyesogea. Binti alikuwa amejishika mdomo. Neno lilikuwa limetoka limepinda, nusu yake pumzi, lakini lilikuwa neno. Kinyozi mwenyewe alionekana kushtuka. Akameza mate, akakusanya nguvu, mishipa ya shingo ikamsimama.

“Acha hivyo.”

Fundi akairudisha bisibisi mfukoni. Binti alikuwa ameushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, anavibusu vidole.

“Baba. Kesho kaka anakuja na gari. Akupeleke kwake. Ukakae huko.” Akasita. “Unataka?”

Kinyozi alimwangalia binti yake, akawaangalia wazee wawili waliosimama pembeni ya stuli, mmoja na puli mkononi, mwingine na barua. Midomo ilijaribu mara ya kwanza, ikashindwa. Ikajaribu tena.

“Hapana.”

Binti alisimama, akachukua simu, akatoka uani. Walimsikia kupitia dirishani, sauti yake inapanda na kukatika.

“Kaka, gari usilete… Nimesema usilete… Siyo mimi.” Akavuta kamasi. “Siyo mimi, kaka. Baba kasema.”